Dadu na maneno mezani: kipi kiamue, na wakati gani?

Kimbi
Assalamu alaikum wanabaraza. Nina masuali kuhusu meza ya watu watano ya mchezo wa kuigiza wahusika: mwendeshaji mmoja (anayesimulia na kuigiza watu wengine wote wa hadithi), wachezaji wanne, kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, hadithi imewekwa bandarini Malindi, Unguja, enzi za majahazi na merikebu. Wachezaji wawili wana maneno. Wakianza kusema, mwendeshaji anasahau kama kuna dadu, na kila karani, tajiri na askari anakubali. Wawili wengine wakimya, wao ni "namshawishi", wanarusha, basi. Tatizo ni kwamba aliyeweka 16 kwenye mvuto (alama ya mhusika ya kushawishi watu) ni mmoja wa wale wakimya. Msemaji mkubwa ana 8.

Dadu irushwe kabla ya maneno au baada yake? Na maneno mazuri yahesabiwe vipi bila ya kumdhulumu mtu aliyejenga mhusika wake kwa namba? "Kasome kitabu" sitaki, kitabu tunacho.

Serahangi
Wa alaikum salaam. Kabla ama baada ni suali la pili, yakhe. La kwanza ni kama dadu inahitajika hapo. Irushwe pale tu ambapo jambo linawezekana, linaweza pia kukwama, na kukwama kwake kunabadilisha kitu. Likikosekana moja katika hayo, mwendeshaji ajibu papo hapo na mchezo uendelee. Kanuni za toleo la tano zilizorekebishwa 2024 zimeliweka hili wazi kwa upande wa mazungumzo: mtu aliye radhi hafanyiwi dadu, asiyetaka katakata hafanyiwi dadu, anayesitasita ndiye wa kurushiwa, kwa ugumu (namba ambayo dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza ya mhusika lazima iifikie) wa 15 au alama yake ya akili kama ni kubwa zaidi. Meza nyingi zinarusha kwa wote watatu, halafu zinashangaa kwa nini dadu inaonekana kichekesho.

Sasa mpangilio. Ukimwacha mchezaji atoe hotuba nzima halafu arushe, ikija 3 hotuba inageuka upuuzi. Hapo ndipo mwendeshaji anapoona haya na kuificha dadu mfukoni. Ukirusha kabla ya neno lolote, mchezaji mkimya amepata ruhusa ya kutosema kitu. Njia inayofanya kazi ni kukata katikati. Mchezaji aseme anataka nini na anakipata kwa njia gani, aigize sentensi mbili tatu mpaka pale ambapo mtu wa upande wa pili lazima ajibu, asimame. Mwendeshaji ataje ugumu na bei ya kukosa. Dadu. Kisha wote wawili waigize jibu wakijua namba imesema nini.

Kwa mfano wa bandarini: marobota 40 ya merikani yameshushwa kutoka merikebu ya Salem, Marekani. Karani wa forodha anataka kuyaweka mpaka kesho. Mwendeshaji awe na kikaratasi cha mistari mitatu kwa kila mtu muhimu. Huyu karani: *anataka* kufunga daftari kabla ya alasiri, *anaogopa* mkubwa wake kumwona mzembe, *hatoi hata kwa 20* muhuri wa forodha utoke mkononi mwake.

Msemaji wako mwenye mvuto 8 anaanza kwa vitisho, kwamba ana jamaa zake wakubwa. Sauti nzuri, meza nzima inacheka. Lakini amegusa hofu ya karani kwa upande mbaya: mtu anayeogopa kuonekana mzembe ukimtisha anashikilia kanuni. Ugumu unapanda, au arushe dadu mbili achukue ndogo. Mkimya wako anasema kwa sauti yake ya kawaida, wala haigizi: "Mhusika wangu anamwambia bidhaa za Wamarekani kwa mkataba wa 1833 ushuru ni asilimia 5, hesabu yake tayari tunayo, atie muhuri leo ili kesho asiulizwe kwa nini mzigo umelala nje." Huyo amegusa anachotaka na anachoogopa, vyote viwili. Dadu mbili, achukue kubwa.

Na bei itajwe kabla: "Ukikosa, atafungua robota moja mbele ya hamali wote." Ikitua chini, usimfanye mhusika agugumie kama mtoto wa chuoni aliyesahau aya. Alisema vizuri, mkubwa wa karani ndiye aliyetokea mlangoni wakati ule ule. Kukosa kutoke kwenye dunia ya hadithi, kusitoke kwenye ulimi wa mchezaji. Meza ikilizoea hili, wasemaji hawaiogopi tena dadu.

BintiWete
Naunga mkono ila niweke msumari pale Serahangi alipopita haraka. Kinachohesabiwa ni hoja, si ufasaha. Mwendeshaji asitoe zawadi kwa lafudhi, kwa mafumbo, wala kwa kuigiza kikohozi cha mzee. Suali la kujiuliza ni moja: alichosema kimegusa mstari upi wa kikaratasi? Kama hakuna, ugumu unabaki ulivyo hata kama meza imepiga makofi.

Tena namba zinamlinda mkimya zenyewe, mkiziacha zifanye kazi. Chukua ugumu 15. Mwenye mvuto 16 na ujuzi wa ushawishi ana +5, anahitaji 10 au zaidi: asilimia 55. Mwenye mvuto 8 bila ujuzi ana -1, anahitaji 16 au zaidi: asilimia 25. Mpe huyu wa pili dadu mbili achukue kubwa kwa hoja nzuri, anafika 43.75. Bado yuko chini ya mwenzake aliyerusha dadu moja kavu. Mwenzake naye akileta hoja anafika 79.75. Hapo maneno yana thamani na karatasi ya mhusika ina thamani, hakuna aliyedhulumiwa.

Mambo yanaharibika mwendeshaji anapotoa faida hiyo na kushusha ugumu kwa pamoja. Kushusha ugumu kwa 5 ni nyongeza ya asilimia 25 kavu. Mvuto 8 akishushiwa mpaka 10 ni 50, na dadu mbili juu yake ni 75. Amempita mwenye ujuzi wake. Chagueni kimoja: ugumu unatokana na *ombi* (anaombwa kitu kikubwa kiasi gani), dadu ya pili inatokana na *njia* (ameombwa vipi). Visichanganywe.

Nyumba8
Na jamani, 20 ya dadu si muujiza kwenye mambo ya ujuzi. Kwa kanuni za mwanzo za toleo la tano, za 2014, 20 tupu inapita yenyewe kwenye shambulio, si kwenye ujuzi. Sultani hakupi jumba lake kwa sababu dadu imesimama vizuri. Kama hata 20 haitoshi, usimrushishe mtu!

Hesabu_Mkunazini
Nyote mmesema dadu moja. Kinachoua michezo mingi ni wingi wa dadu.

Kupenya usiku vichochoro vya Darajani mpaka ghalani: mwendeshaji anarushisha kwenye kona, kwenye mlango, kwenye ngazi, tena dirishani. Mchezaji ana asilimia 70 kila mara, anajiona yuko salama. Nne mfululizo ni 0.7 × 0.7 × 0.7 × 0.7, yaani asilimia 24. Mwendeshaji amempa mtu kazi ya kushindwa bila ya yeye mwenyewe kujua. Rusheni mara moja kwa safari nzima na matokeo yasimame mpaka hali ibadilike kweli: kengele imelia, wamegawanyika, mvua imeanza. Kona nyingine si hali mpya.

Kundi zima likinyata pamoja ni balaa hilo hilo. Watu wanne wenye asilimia 60 kila mmoja, ukitaka wote wafaulu ni asilimia 13 tu. Toleo la tano lina dawa yake: nusu ya kundi wakifaulu, kundi limefaulu. Kwa watu hao hao inakuwa asilimia 82. Wazito wanabebwa na wepesi, na hapo ndipo penye igizo: waliofaulu waeleze wamewafichaje waliokosa.

Upande wa pili, "kila mtu arushe" kutafuta kitu. Wanne wenye asilimia 30 kila mmoja, nafasi ya angalau mmoja kuona ni 76. Kile ulichokiita kigumu kimekuwa chepesi na hakuna aliyekifanyia kazi. Arushe mmoja, aliyesema mahali hasa anapotazama. Mwenzake anaweza kumsaidia kama ataeleza anasaidia kwa kitu gani.

Na BintiWete, dadu mbili hazina uzito ule ule kila mahali. Pale unapohitaji 11, kutoka 50 unakwenda 75. Unapohitaji 20 tupu, kutoka 5 unakwenda 9.75. Kwa hiyo kwenye jambo gumu mno, hoja nzuri ikilipwa kwa dadu ya pili mchezaji haoni faida yoyote, na ana haki ya kulalamika. Hapo hoja ibadilishe ombi lenyewe: badala ya "afungue lango", "atupe ujumbe kwa aliye ndani".

BintiWete
Hilo la kubadilisha ombi ni zuri, nalikubali. Linalingana na jedwali la kitabu cha mwendeshaji cha 2014: mtu asiyekujali, kwa 10 anakufanyia usemalo ikiwa halimtii hatarini, kwa 20 anakubali hatari ndogo. Hatari kubwa haimo kwenye safu yake kabisa. Ukiitaka, mfanye kwanza awe rafiki, na hiyo ni kazi ya kuigiza kwa siku kadhaa za hadithi, si ya dadu moja.

Nahodha_wa_Jioni
Serahangi anasema ugumu utajwe wazi. Mie sikubali kwa kila jambo. Kumsoma mtu kama anasema uongo, mchezaji akiona dadu yake ni 3 na akaambiwa "anaonekana mkweli", ameshajua asiamini. Anajitia haelewi, na igizo lote linakuwa la uongo. Kwa hayo mwendeshaji arushe mwenyewe pembeni, au atumie namba tuli: 10 jumlisha nyongeza ya mchezaji, ilinganishwe na dadu ya mwongo. Kama mchezaji hakuuliza, namba tuli inatosha na mchezo haukatiki.

Serahangi
Kwa kusoma watu na kutafuta mitego, sawa, pembeni. Kwa kushawishi, kuruka, kupanda, kupigana, wazi. Mtu anayeruka kutoka jahazi hadi gati anaona umbali kwa macho yake, mchezaji naye ana haki ya kuuona kwa namba. Mwendeshaji anayeficha kila kitu nyuma ya ubao wake anajipa nafasi ya kubadilisha matokeo, na wachezaji hawachukui muda mrefu kumgundua.

Konde_Juu
Kuna jambo hamkuligusa. Huku kwetu Pemba kuna nyumba ambazo dadu haiingii kabisa, hata bila ya kamari, na wazazi wana hoja zao za kidini. Hakuna haja ya kuvutana nao. Michezo isiyo na dadu ipo tangu zamani, Amber ya 1991 ilitoka bila dadu hata moja. Hii hapa ya komwe, na bao moja linatosha kwa sababu lina kete 64.

Wachezaji wanne, kila mmoja komwe 6. Mwendeshaji 16. Zilizobaki bakulini. Kila mhusika ana ujuzi wa 0, 1 au 2 katika mambo yake. Likija jambo la kusitasita, mwendeshaji anaficha komwe 0 hadi 3 kwenye ngumi, mchezaji anaficha anazotaka, mikono inafunguliwa pamoja. Komwe za mchezaji jumlisha ujuzi wake zikifikia au kuzidi za mwendeshaji, amepata. Zote zilizofunguliwa zinakwenda bakulini. Aliyekosa anachukua 1 kutoka bakulini. Hoja iliyogusa kikaratasi inamshusha mwendeshaji: mwisho wake unakuwa 2 badala ya 3. Njia mbaya inampandisha mpaka 4.

Inaharibika kwa namna mbili. Watu wanakumbatia komwe zao mpaka tukio la mwisho, halafu wanamwaga zote. Kwa hiyo zisizotumika zisihamie kikao kijacho, na mchezaji asiweke zaidi ya 3 kwa ngumi moja. Ya pili, mwendeshaji akiishiwa mapema nusu ya pili inakuwa tambarare. Agawe 16 zake kabla: 6 nusu ya kwanza, 10 nusu ya pili.

Hesabu_Mkunazini
Mwenye ujuzi 2 akileta hoja, mwisho wa mwendeshaji ni 2, hawezi kukosa hata akifungua mkono mtupu. Umeliona?

Konde_Juu
Nimeliona. Basi komwe zisitolewe kabisa, apewe tu. Ndiyo kanuni ya Serahangi ya mwanzo, lisiloweza kukwama halichezewi. Na mwendeshaji amebakisha komwe zake kwa jambo jengine.

Nyumba8
Kwa wanaoruhusiwa dadu ila hawana ya pande 20: karata. Chukua kopa kuanzia ree hadi 10 ziwe 1 mpaka 10, shupaza kuanzia ree hadi 10 ziwe 11 mpaka 20. Changanya, vuta moja, soma, irudishe, changanya tena. Usipoirudisha, kila namba inatoka mara moja tu, na mtu makini atajua kubwa zimebaki ngapi. Kauri msizitumie kama sarafu, umbo lake la mgongo na tumbo halina usawa.

Ama chukueni dadu mbili za ludo mbadilishe kanuni kabisa. Jumla 6 kushuka umekosa, 7 hadi 9 umepata lakini unalipa bei, 10 kupanda umepata safi. Njia hii ilienea tangu mchezo wa Apocalypse World wa 2010. Bila nyongeza ni asilimia 42, 42 na 17. Kwa +1 ni 28, 44, 28. Kwa +2 ni 17, 42, 42. Msivuke +3, kukosa kunakuwa nadra mno.

BintiWete
Na hiyo 7 hadi 9 ndiyo inayolazimisha igizo, maana bei lazima isemwe na mtu. Shida yake ni mwendeshaji kuishiwa bei kikao kikifika katikati, akabaki na "umechoka", "umechoka zaidi". Aandike bei kumi kabla ya kuanza, kila moja ikitaja mtu au kitu cha hadithi yenyewe: hamali mmoja amekutambua, jahazi litaondoka bila nyinyi upepo ukigeuka, unamdai karani sasa na yeye anakudai.

Kimbi
Ahsanteni, nimepata zaidi ya nilichouliza. Mawili yaliyobaki. Dalili za uchunguzi: wachezaji wakikosa dadu ya kuikuta barua, hadithi imekwama. Na wachezaji wakitaka kushawishiana wao kwa wao, mwenye mvuto 16 anasema "nimerusha 19, lazima unifuate".

Serahangi
La pili ni fupi: hapana. Mwenye mhusika ndiye anayeamua mhusika wake ameshawishika au la. Anayeshawishi aeleze, mwenzake ajibu. Dadu kati ya wachezaji inatumika pale tu wote wawili wamekubali mapema, kwa mambo ya mwili kama kushikana mikono ama mbio za kwenda gati.

La barua: kama hadithi haisongi bila ya barua, barua haiwekwi nyuma ya dadu. Anayetafuta mahali sahihi anaipata. Dadu iulize kitu kingine: wameipata kwa muda gani, wameacha alama, nani amewaona wakitoka. Akipata, barua na dakika chache za kuisoma. Akikosa, barua ipo mkononi na nyayo zipo ngazini.

Nahodha_wa_Jioni
Niongeze: dalili moja muhimu iwe na milango mitatu. Barua ipo sandukuni, mpishi anajua iliandikwa na nani, na bahasha yenye muhuri ule ule ipo kwa muuza kahawa. Wakimya watakwenda sandukuni, wasemaji kwa mpishi. Ukiweka sanduku peke yake, wasemaji wako watakaa bila kazi. Ukiweka mpishi peke yake, umerudi kwenye tatizo ulilokuja nalo.

Kimbi
Na mkimya asiyetaka kusema hata ile sentensi moja ya "njia"?

BintiWete
Mpe chaguo badala ya kumsubiri. "Unamwendea kwa fedha, kwa heshima, au kwa anachokiogopa?" Anachagua moja, mwendeshaji anaangalia kikaratasi kama njia hiyo inampa dadu ya pili, anarusha. Baada ya dadu mwulize kitu kimoja tu chepesi: "Karani anakutazama vipi unapoondoka?" Hapo hana cha kushindwa, matokeo yameshajulikana, na wengi hujibu. Wasemaji wakimrukia kumsaidia kujibu, wazuieni. Zamu yake ni yake mpaka aseme imekwisha.